Nisomee sura ya tatu

Salma wangu,

Habari za siku nyingi? Kimya chetu kimezidi, na mtu akizuka ghafla na barua namna hii ujue ana shida. Ninayo. Sisi huku wazima kabisa. Mama mfikishie shikamoo yangu.

Ile kazi yangu ya uchumi wa nishati imerudi kutoka kwa wahakiki. Wa kwanza kasifu, kaenda zake. Wa pili kajaza kurasa, karibu zote juu ya jambo moja: kiwango cha punguzo katika sura ya tatu, yaani ile asilimia ya kila mwaka inayopunguza thamani ya faida na hasara za baadaye ukizihesabu leo. Anataka nichague namba moja, niitetee, basi.

Unakumbuka ninachopimanisha: bwawa la umeme na mtambo wa dizeli. Bwawa linameza fedha nyingi mwanzoni, kisha linaweza kuzalisha umeme vizazi kwa vizazi bila kununuliwa mafuta. Mtambo wa dizeli kuujenga ni nafuu, lakini utaulisha mafuta maisha yake yote, na moshi wake unawaachia hasara ambao hata hawajazaliwa. Ukiweka kiwango kikubwa, dizeli inashinda. Ukiweka kidogo, bwawa. Mto ni ule ule, mafuta ni yale yale; aliyeamua ni mimi na kalamu yangu!

Wewe mhasibu, piga hii. Hasara ya milioni moja itakayotokea miaka 100 ijayo, kwa asilimia 1.4, aliyoitumia mchumi Nicholas Stern katika ripoti yake ya 2006 juu ya mabadiliko ya tabianchi, leo inahesabika kama 249,000. Kwa asilimia 5 inabaki 7,600 hivi. Elfu saba, Salma. Stern akasema tuchukue hatua kali mara moja. Mchumi mwenzake William Nordhaus, aliyekuja kupata Nobel mwaka 2018, alitumia kiwango kikubwa zaidi akaona tuanze taratibu. Sehemu kubwa ya ugomvi wao ilikuwa hapo hapo. Mzee ananicheka, anasema tunagombania nukta.

(Kabla sijasahau: Juma wa takwimu kaoa. Kisa chake kirefu, nitakupigia.)

Basi, hiyo namba. Frank Ramsey, yule mwanahisabati na mwanafalsafa, alishasema mwaka 1928 kwamba kuzithamini kidogo raha za baadaye kwa sababu tu ni za baadaye hakuna utetezi wa kimaadili, ni udhaifu wa kuwaza. Moyoni nipo naye. Ila Ramsey hakulazimika kukaa mbele ya watu wa hazina. Mwenye deni la kulipa mwaka huu, anayekopa kwa riba kubwa, ukimwambia asilimia 1.4 atakuonyesha mlango, na simlaumu.

Ndiyo maana nimeweka kiwango kinachoshuka. Serikali ya Uingereza hufanya hivyo katika kupima miradi yake: asilimia 3.5 kwa miaka 30 ya kwanza, 3 hadi mwaka wa 75, kisha inazidi kuteremka. Mchumi Martin Weitzman alionyesha sababu: riba ya mbali hatuijui, na ukichanganya makisio yote, yale madogo ndiyo yanayobaki na uzito kadiri miaka inavyosogea. Mhakiki anaita huko kukwepa. Kukwepa! Yeye anayejua riba ya miaka themanini ijayo ndiye asiyekwepa?

Haya, nimeshapandisha mori tena. Jibu langu kwake nimeliandika na kulifuta, maana kila likiisha linasomeka kama matusi.

Sasa, utanisomea hiyo sura? Jedwali la pili hasa: mtu asiye mchumi ataona kwa nini mshindi anabadilika, au nimemzika kwenye namba? Nikiweka viwango vitatu sambamba, itaonekana nimemtii mhakiki au nimempuuza? Wewe kazini mnatumia asilimia ngapi, na nani aliyeichagua? Na lile neno "kichekesho" kwenye jibu langu, nilitoe?

Nijibu hata kwa mistari miwili. Wana jarida wanaisubiri mwisho wa mwezi.

Wako,
Rehema