Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Haut-Katanga: dawa peke yake haitoshi

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mdogo wangu ana ugonjwa wa bipola, yaani hali ya moyo inapanda kupita kiasi, kisha inashuka kupita kiasi. Akipanda, mtaa mzima unajua: haongei kwa utulivu, anafoka, anagawa pesa, na sisi tunamkimbiza kwa daktari. Akishuka, hakuna anayekimbia. Analala ameelekea ukuta, bukari inapoa kwenye sahani, majirani wanasema ni uvivu, ama amelogwa. Kumbe wengi wenye ugonjwa huu wanakaa huko chini muda mrefu kuliko juu, na huko ndiko wanakofikiria kujiua.

Kliniki anaulizwa kama analala, anaandikiwa dawa zilezile, mwingine anaingia. Simlaumu daktari, foleni yake ni ndefu mno.

Sisemi dawa ziachwe. Litiumu, dawa ya kutuliza kupanda na kushuka huko, imemsaidia mdogo wangu, na yeyote atakayemwambia aitupe kwa sababu ameombewa, nitagombana naye. Lakini mwaka 2007 Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 293 wa bipola walioshuka, wote wakiwa kwenye dawa. Waliopewa tiba ya mazungumzo, hadi vikao 30 kwa miezi 9, walipona 64 kwa kila 100 ndani ya mwaka. Waliopewa vikao 3 tu, 52. Tena wa kwanza walipona mapema zaidi. Katika mradi huohuo, kuongeza vidonge vya sonona, yaani huzuni ile ya kushuka, juu ya dawa za kutuliza hali ya moyo hakukushinda kidonge kitupu kisicho na dawa.

Vikao vyenyewe si siri. Mgonjwa anafundishwa kulinda saa za kulala na kuamka, ama kuyapima mawazo yanayomwambia hana faida. Katika aina nyingine ya vikao, familia nayo inaketi pale, ijue dalili za mwanzo na namna ya kusema bila kulaumu. Hili linatufaa sana, maana kwetu mgonjwa hafiki kliniki peke yake.

Mheshimiwa, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinatoa wanasaikolojia, na wengi wanatafuta kazi. Waajiriwe kwenye zone za afya, wawafundishe na wauguzi. Tuanze na kituo kimoja hapa Katuba, siku moja kwa juma, na bei ya kikao iwe ile ambayo mama muuza mboga anaweza kulipa.

Dada ya mgonjwa, Katuba