Jumamosi: mchezo wa jukwaani mbele ya kamera

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi saa 10 alasiri tunaangalia A Raisin in the Sun, ile filamu ya 1961 iliyotokana na mchezo wa jukwaani wa mwandishi Mmarekani Lorraine Hansberry. Ya televisheni ya 2008 mtaitazama wenyewe nyumbani, bando likiruhusu.

Mchezo ulianza Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 1959, na wote unachezwa ndani ya nyumba moja finyu ya kupanga, Chicago. Muswada wa filamu aliuandika Hansberry mwenyewe, akaongeza matukio ya nje, mengi yakakatwa. Kwa hiyo kamera haitoki sana sebuleni. Wapo wanaosema inachosha. Mimi naona ule msongamano ndio hadithi yenyewe. Mwangalieni Sidney Poitier, mwigizaji mkuu: alishaucheza mchezo huu jukwaani, na bado mwili wake unaongea na ukumbi mzima hata kamera ikiwa puani.

Waandishi, njooni na onyesho moja la mchezo wetu, mtuambie maneno yapi yafutwe kwa sababu uso wa mwigizaji utayasema. Onyesho moja tu jamani, siyo mchezo mzima! Na mwenye spika asisahau waya wake.