Nyimbo zako zimefika

Langoni, Lamu

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mwanangu Aisha ametimiza siku arubaini juzi Ijumaa, ila mimi mkaja, ule mshipi wa tumbo wa uzazi, bado umenibana; Bibi hataki kusikia habari ya kuufungua.

Nyimbo zako za R&B za kulazia watoto zimefika. Ile ya Stevie Wonder, "Isn't She Lovely", nilijua umeichagua kwa ajili ya jina: na yeye aliitunga kwa furaha ya bintiye Aisha, aliyezaliwa 1975, ikatoka mwaka uliofuata. Nikasema usiku huu huu naipiga. Kumbe vidole vya usingizi vimegusa ile ya asili, si hii yako ya marimba. Na ile ya asili, kama umesahau, inaanza na kilio cha kichanga! Wetu alikuwa keshafumba macho. Akafumbua, akasikiza, kisha akamjibu mwenziwe. Punda wa jirani naye akaitikia.

Hii ya marimba nzuri, sikatai. Wamemtoa mwimbaji, wamezitoa ngoma, mwendo wameupunguza, kimebaki kilio cha kengele ndogo ndogo tu. Wapo hao Rockabye Baby wa Los Angeles wanaofanya hivyo tangu 2006, hata makelele ya bendi ya roki Metallica wameyapoza. Tabu ni mimi. Wao wakiyatoa maneno, mimi nayarudisha. Ule wa pili, wa yule mwanamke aliyeachwa, nilijikuta nauimba wote kwa Kiingereza huku machozi yananitoka, sijui ni uzazi au ni nini. Bibi akauliza, huyo analilia nini? Nikamwambia mume kamuacha.

"Na mwana unamuongoa kwa talaka?"

Akamchukua, akamlaza mapajani, akaanza wake. Rukia, mimi nimelelewa na wimbo ule na maneno yake sikuwahi kuyasikiliza. Ni mke ambaye mumewe alisafiri na jahazi wakati wa upepo wa kusi. Kaskazi imevuma, vyombo vyote vimerudi, yeye hayumo. Mke anauza bangili moja moja. Nikacheka. "Bibi, na huu wako je?"

"Wangu kasafiri tu," akasema. "Hajaacha."

Lakini nilimtazama anavyofanya. Pumzi za mtoto zikipungua, naye anapunguza. Mtoto akishtuka, anarudi nyuma beti nzima. Mwisho maneno yote yakaisha, ukabaki mvumo wa kifuani, na mkono unampigapiga mgongoni, kisha mkono nao ukanyamaza. Simu ikimaliza wimbo wako huu inarukia ule, mtoto kalala au hajalala. Na jana stima ilikatika, chaji ikaniishia katikati.

Sikuzifuta, usidhani. Nazipiga adhuhuri nikikunja nepi, sauti chini, simu naiweka mbali na kitanda. Zinanituliza mimi zaidi kuliko yeye, nakwambia kweli.

Sasa nakuomba kitu. Mama yako ana ule wimbo wa Kipate, lahaja ya kisiwa cha Pate, aliokuwa akiwaongolea wadogo zako, tukijificha nyuma ya mlango tusitumwe dukani. Mrekodi, hata sufuria zikisikika. Bibi anasema aujua ila umemtoka beti ya kati, na tangu juzi ananiuliza asubuhi na jioni kama nimekuandikia.

Halua nampa nahodha Alhamisi.

Wako,
Zuhura