Mwanangu, usisubiri jino liume

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema jino haliumi, ila ukinywa maji baridi linakushtua, kwa hiyo umeona usikilizie kwanza. Usisikilizie. Huenda ni mzizi wa jino unaoza, na uozo huo unaweza kusonga muda mrefu kimya kimya. Jino likifika hatua ya kukukesha usiku, mara nyingi uozo umeshaingia kwenye kiini chake, penye mishipa ya damu na ya fahamu.

Simama mbele ya kioo penye mwanga, vuta shavu pembeni, utazame jino linapoingia kwenye ufizi. Ukiona ukanda wa njano chini ya weupe, huo ni mzizi. Ufizi umerudi nyuma ukauacha wazi. Njano yenyewe si ugonjwa, ndiyo rangi yake. Cha kutilia shaka ni doa la kahawia au sehemu iliyolainika. Na tafadhali usiichokonoe kwa pini.

Jino kwa juu limevikwa enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Mzizi hauna enameli, una tabaka jembamba tu liitwalo sementi (si ile ya kujengea) juu ya dentini, yaani mwili wa ndani wa jino. Enameli huanza kuyeyuka pH ya mdomoni, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, ikifika 5.5 hivi, mzizi huanza mapema, ikiwa bado juu ya 6. Asidi hiyo hutengenezwa na bakteria kila wapatapo sukari, kisha mate huhitaji muda kuipoza. Ndiyo maana kikombe cha chai tamu unachokigusagusa asubuhi nzima kina madhara kuliko ungekimaliza mara moja. Najua hapo utabisha.

Halafu huo mswaki wako! Unasugua meno kama sufuria iliyoungua. Nguvu haiongezi usafi, inasukuma ufizi nyuma na kuula mzizi. Nunua mswaki laini, ushike kwa ncha za vidole, uelekeze nywele zake kwenye mpaka wa jino na ufizi, uzungushe taratibu. Dakika 2, mara 2 kwa siku, na ule wa kabla ya kulala usiukose, maana usingizini mate hupungua sana. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji, ili floraidi, yale madini ya kukaza meno yaliyomo kwenye dawa, ibaki kwenye meno. Soma boksi la dawa ya meno: kwa mtu mzima floraidi iwe kati ya 1,350 na 1,500 ppm, yaani sehemu kwa kila milioni. Dawa za mkaa za kung'arisha achana nazo. Zinakwaruza, na nyingi hazina floraidi. Katikati ya meno mswaki haufiki, pitisha uzi.

Baba yako naye nimemwambia. Tangu aanze vidonge vya presha mdomo unamkauka, na mdomo mkavu huozesha mizizi haraka. Dawa asiache, ila daktari wa meno ajue.

Kuhusu matibabu, usiogope mashine kabla hujaiona. Kama shimo halijachimbika, daktari anaweza kupaka vanishi ya floraidi, dawa nzito inayoganda juu ya jino, au kukuandikia dawa ya meno ya 5,000 ppm, na pale palipolainika pakaweza kukaza tena, japo doa hubaki. Ipo pia dawa ya majimaji yenye fedha na floraidi: husimamisha uozo, lakini penye uozo huwa peusi kabisa. Kwa jino la nyuma mimi ningekubali. La mbele ningefikiri mara mbili.

Shimo likishakuwepo, litazibwa. Kuziba mzizi kuna ugumu wake kwa sababu ni karibu na ufizi na panalowa, hivyo wengi hutumia glasi ayonoma, aina ya kizibio cha meno ambayo hushika hata penye unyevu kidogo na hutoa floraidi. Ukichelewa hadi kiini, ni kusafisha mfereji wa mzizi na kuuziba, au kung'oa. Wapo ambao uozo huzunguka shingo ya jino hadi likakatika.

Ukifika, muulize kama ufizi umerudi kwa ajili ya mswaki au kwa ugonjwa wa fizi, maana penye ugaga chini ya ufizi pasafishwe. Muulize pia kama doa linaendelea au limesimama. Ukipata tarehe ya miadi nijulishe, na usiniambie umesahau.

Mama yako