Krismasi ya Ethiopia nayo iandikwe

Mhariri,

Kila Desemba kurasa za magazeti yetu hujaa habari za theluji na Baba Krismasi wa Ulaya, ilhali Ethiopia hutajwa kwa nadra, na ikitajwa huelezwa tu kwamba inachelewa kusherehekea. Haichelewi. Kanisa la Kiorthodoksi la huko halikuifuata kalenda ya Gregori ya mwaka 1582, hii tunayoitumia sisi, ndiyo maana sikukuu yake, Genna, huangukia Januari 7. Kabla yake waumini hufunga siku 43 bila nyama, maziwa wala mayai, mfungo ambao nadhani wengi wetu ungetushinda wiki ya kwanza. Mjini Lalibela, penye makanisa 11 yaliyochongwa mwambani, mahujaji waliojitanda shuka nyeupe za pamba hukesha usiku kucha, na makasisi hujipanga ukingoni mwa mwamba, juu ya kanisa la Bete Maryam, wakiimba na kuyumba taratibu kwa mdundo wa ngoma. Baada ya ibada watu hufungulia doro wat, mchuzi wa kuku wenye pilipili na mayai ya kuchemsha, unaoliwa kwa injera, mkate wao laini na mwembamba. Naomba toleo lenu la Januari lituletee habari hizo kwa kina.

Msomaji wenu,
Dodoma