Tunapoandika "majeruhi", tunamhesabu nani?

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie neno linalotupotosha kila vita vinaporipotiwa, nalo ni "majeruhi". Kwa miaka kadhaa nilikuwa karani wa kikosi jeshini, na kila asubuhi kabla ya gwaride nilijaza daftari la hesabu ya askari: waliopo, waliouawa, waliojeruhiwa, waliopotea, waliotekwa na waliolazwa kwa malaria. Kamanda aliposoma ukurasa ule alitaka kujua amebakiwa na watu wangapi wa kumtegemea siku hiyo. Ndiyo maana kwa jeshi aliyevunjika mguu na aliyezikwa jana huingia katika jumla moja, kwa kuwa wote wawili wamepungua kikosini, na jumla ya 100 inaweza kuwa na maiti 10 tu. Jumla hiyo ikifika gazetini, mara hugeuka kuwa "watu 100 wameuawa", mara wafu hufichwa ndani ya neno "majeruhi", ambalo kwa msomaji wa Kiswahili ni mtu aliye hai mwenye jeraha.

Kwa raia mambo ni magumu zaidi, kwa sababu raia hana karani. Huko Barlonyo, Lira, kaskazini mwa Uganda, ambako waasi wa LRA (Lord's Resistance Army), kundi la Joseph Kony, walishambulia kambi ya wakimbizi wa ndani tarehe 21 Februari 2004, maandishi ya mnara wa kumbukumbu yanataja watu 121, ilhali wakazi wanasema waliokufa walizidi 300. Hapo ni risasi, moto na mapanga, vifo ambavyo hakuna anayebisha kwamba ni vya vita. Je, wale waliokufa polepole? Uchunguzi uliofanywa mwaka 2005 na Wizara ya Afya pamoja na Shirika la Afya Duniani katika kambi za Gulu, Kitgum na Pader ulikadiria karibu vifo 1,000 kila wiki kupita kiwango cha kawaida, malaria na UKIMWI vikiwa vyanzo vikubwa. Askari wangu alipokufa kwa malaria nilikuwa na safu ya kumwandika. Mtoto aliyekufa kwa malaria hiyohiyo ndani ya kambi, ambako vita ndivyo vilivyompeleka, hakuwa na safu wala daftari. Hilo linaniumiza hadi leo.

Sheria imejaribu kusaidia. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva, yaani sheria za kimataifa za vita, inasema kwamba panapokuwa na shaka kama mtu ni raia au la, ahesabiwe kuwa raia. Lakini mtoto aliyetekwa nyara, akashikishwa bunduki kwa nguvu na kuuawa porini, huripotiwa kuwa mwasi aliyeuawa, na mama yake nyumbani bado anamhesabu kuwa amepotea.

Ninachoomba kwa waandishi wako ni kutenganisha waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa, waliopotea na waliokufa kwa njaa au maradhi, kisha waseme ni nani aliyehesabu, jeshi, hospitali au wazee wa kijiji. Na waliopotea wasiachwe nje ya habari kwa sababu hakuna maiti ya kuonyesha, maana huku kwetu kaskazini bado zipo familia ambazo hazijui kama ziweke matanga au ziendelee kungoja.

Askari mstaafu,
Gulu