Malalamiko ya kuzuiwa kupanda meli Galveston kwa madai ya kadi ya chanjo iliyokwisha muda

Mombasa,
8 Desemba 2025

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Meli za Utalii,
Kupitia ofisi ya wakala wenu, Mombasa.

KUH: KUZUIWA KUPANDA MELI, BANDARI YA GALVESTON, 9 NOVEMBA 2025

Bwana au Bibi,

Nilikuwa karani katika bandari ya Kilindini kwa miaka 29 kabla ya kustaafu. Nalitaja hilo mapema ili tusipotezeane wakati. Karatasi za meli nazijua, na nikisema karatasi yenu ilikuwa na makosa, si hasira za mtu aliyekosa safari zinazosema. Hasira ninazo pia, lakini hizo nitajitahidi kuziweka kando.

Mwezi wa Juni nililipa kwa wakala wenu hapa Mombasa nauli ya watu wawili, mimi na binti yangu anayeishi Houston, shilingi 312,000. Ilikuwa safari ya siku saba kutoka Galveston, Texas, kupitia Cozumel na Costa Maya za Meksiko na Roatán ya Honduras, na kurudi palepale Galveston. Mkwe wangu alijilipia mwenyewe pamoja na wajukuu wangu wawili. Miaka yote niliyokuwa kazini nilizitazama meli za watalii zikifunga gati namba moja, watu wakiteremka na kofia zao za ukili walizonunua sijui bandari gani, nami niko dirishani nagonga mihuri. Sikuwahi kupanda hata moja. Nilijiambia kiinua mgongo kilichobaki kitanipeleka angalau mara moja.

Siku ya kulipa, kijana wa dirishani hakuniuliza habari za chanjo. Mimi ndiye niliyemuuliza. Nikatoa kadi yangu ya manjano, ya chanjo ya homa ya manjano ya tarehe 3 Oktoba 2011, niliyochanjwa nilipokuwa nikijiandaa kwenda Hija, maana Saudia haimpokei atokaye Kenya bila kadi hiyo. Akaitazama, akatoa nakala, akaniambia, “Hii ni ya maisha, mamangu. Huhitaji nyingine.” Wiki hiyohiyo akanitumia barua pepe akinieleza kwamba masharti yenu ya afya hufuata bandari ambayo meli inaanzia safari. Zinazotoka Fort Lauderdale kwenda Amerika Kusini zinadai kadi ya homa ya manjano kwa kila abiria. Zinazotoka Galveston haziidai kwa abiria anayepandia Marekani. Kijana huyo alisema kweli mara zote mbili, na nawaomba asije akaadhibiwa kwa sababu ya barua hii.

Nilifika Houston tarehe 15 Oktoba. Nilikaa kwa binti yangu siku 25, nikipika, nikizozana na wajukuu kuhusu simu zao, kabla ya kuingia ndani ya gari Jumapili ile kwenda Galveston.

Foleni ilikwenda vizuri mpaka tulipofika mezani. Mtumishi wenu wa kwanza, msichana, alichukua pasipoti yangu, akaona ni ya Kenya, akaacha kutabasamu. Akauliza kadi ya homa ya manjano. Nikampa. Akaisoma tarehe, akahesabu kwa vidole, akasema imekwisha tangu 2021 kwa kuwa chanjo hiyo hudumu miaka kumi. Nikamwambia kwa upole kwamba sheria hiyo ilikwisha kubadilishwa. Akamwita msimamizi wake. Msimamizi akaja na karatasi iliyotiwa plastiki, akaiweka mezani akiielekeza kwake, akaanza kunisomea.

Sasa, karani wa bandari hujifunza kusoma karatasi ya mtu wa upande wa pili wa meza, juu chini. Ni mazoea tu, kama fundi cherehani anavyopima mabega yako kwa jicho. Kichwa cha karatasi ile kiliandikwa Fort Lauderdale. Chini yake palikuwa na orodha ya safari za Amerika Kusini, na Cartagena ilikuwa ya kwanza. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema masharti ni yaleyale kwa meli zote za kampuni. Binti yangu akamwonyesha kwenye simu barua pepe ya ofisi yenu wenyewe inayosema kinyume chake. Akajibu kwamba ofisi ya Mombasa haina mamlaka Galveston.

Baadaye tuliambiwa na mchukuzi mmoja wa mizigo kwamba meli ile ilikuwa ikifanya safari zake kutoka Florida hadi mwisho wa Oktoba, ndipo ikahamishiwa Galveston kwa msimu wa baridi. Yaani bandari yake ya nyumbani ilibadilika, lakini karatasi za mezani zilisafiri nayo bila kubadilishwa. Hilo nalielewa. Kilindini pia nimeona fomu za mwaka uliopita zikitumiwa mpaka Machi. Lakini kwetu mtu akionyeshwa kichwa cha karatasi kisicho chake, angalau huinua simu akauliza. Huyu hakuinua.

Naomba mniruhusu niwaeleze sheria ambayo watumishi wenu walipaswa kuijua. Kanuni za Kimataifa za Afya, ambazo Shirika la Afya Duniani ndilo linalozisimamia, zilirekebishwa, na tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi ya homa ya manjano ni halali kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Hazikusema kadi mpya tu. Zilisema na zilizotolewa kabla ya hapo, hata kama juu yake pamepigwa muhuri wa miaka kumi. Kadi yangu ya 2011 imo. Huanza kuwa halali siku kumi baada ya chanjo, na haikomi. Tarehe 9 Novemba 2025 marekebisho hayo yalikuwa na miaka tisa na ushei. Mtoto aliyezaliwa siku ile yuko darasa la nne.

Na hata kama nisingekuwa na kadi kabisa, suala lenyewe halikuwa pasipoti yangu. Homa ya manjano haiambukizwi na pasipoti, wala haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Huletwa na mbu. Nchi zenye mbu wa aina hiyo zinaogopa mtu atue na virusi damuni, mbu wa pale amuume, kisha aende kumuuma jirani. Ndiyo maana huulizwa umetoka wapi, na siku ngapi zimepita. Kanuni hizohizo zinahesabu siku sita za ugonjwa kujitokeza. Mimi nilikuwa na siku 25 Texas, na mihuri ya pasipoti inaonyesha. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu, mwenye pasipoti ya Marekani, alikuwa akisimulia kwa sauti kubwa jinsi alivyorudi kutoka mbuga za Maasai Mara siku ya Alhamisi. Huyo alipita bila kuulizwa lolote. Sikumchongea, kwa nini nimharibie safari yake? Lakini ikiwa kuna mtu ambaye Roatán wangekuwa na haki ya kumuuliza kadi siku ile, ni yeye kabla yangu.

Msimamizi alipoona binti yangu amekasirika, akatoa shauri kwamba niende nikachanjwe tena, kisha nirudi. Ilikuwa Jumapili saa sita mchana, meli inaondoka saa kumi. Tuliache hilo. Nina miaka 67. Chanjo ya homa ya manjano hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa watu wa miaka 60 na zaidi madaktari huipima kwa uangalifu kabla ya kuitoa, kwa sababu madhara makali huwapata wazee zaidi. Mtu asiye daktari hawezi kumwambia ajuza mezani akachome sindano asiyoihitaji, kama anayemtuma dukani kununua kiberiti.

Msije mkadhani sizitaki sheria za afya. Nimezitumikia maisha yangu. Meli ikifika Kilindini kutoka nje hupandisha bendera ya manjano, maana yake, mimi ni mzima, naomba kibali cha kuteremsha watu. Maafisa wa afya wa bandari huangalia tamko la afya lililosainiwa na nahodha, na mpaka waridhike hakuna anayekanyaga gati. Nimewahi kuona wafanyabiashara wakilia kwa kucheleweshwa mzigo, na sikuwahi kuwaonea huruma. Mwaka 2020 dunia nzima iliiona meli ya utalii Diamond Princess ikifungiwa Yokohama, Japani, na watu 3,711 ndani, zaidi ya 700 wakapata korona. Na Galveston penyewe, binti yangu alinieleza, paliwahi kuangamizwa na homa hiyohiyo ya manjano mwaka 1867. Mji wa bandari unaoukumbuka msiba huo una haki ya kuuliza. Lakini ukiulizwa ukajibu sawasawa, ni wajibu wa aliyeuliza kulijua jibu.

Kuna jambo jingine nililoliona kwenye foleni ile, nalo kwangu ni kubwa kuliko langu. Kabla ya meza tulipewa fomu ya kujaza, inauliza kama umetapika au umeharisha katika siku za karibuni. Nyuma yetu palikuwa na baba na mama na mtoto wa miaka mitano hivi. Mtoto ametapika maegesho, suruali bado ina maji waliyomsafishia. Mama alikuwa anajaza “ndiyo”. Mumewe akamshika mkono, akamwambia, “Ukiandika hivyo hatupandi, na pesa haturudishiwi.” Akaandika “hapana”. Wakapanda. Nadhani mnaujua ugonjwa wa norovirusi kuliko mimi, jinsi unavyotembea melini kwa mikono na vijiko, na jinsi dawa zile za kupaka mikononi mlizoweka kila mlango zisivyouweza kama sabuni na maji yanavyouweza. Wamarekani wenyewe hutangaza hadharani meli yoyote ambayo abiria wake asilimia 3 au zaidi wameugua tumbo. Fomu yenu humwadhibu anayesema kweli na kumpandisha anayeficha. Mngeandika chini yake kwamba aliyeugua atahamishiwa safari nyingine bila kupoteza kitu, yule mama angemaliza kuandika “ndiyo” yake.

Mimi niliandika “hapana” kwa haki, na nikazuiwa.

Nilimwambia mkwe wangu aingie na watoto. Walikuwa wamehesabu siku tangu Agosti. Binti yangu alikataa kuniacha. Tulibaki wawili, na mizigo ya mmoja wetu tayari imeshapelekwa ndani. Ilirudi siku saba baadaye, nguo za kuogelea hazijafunguliwa. Jioni tulikaa kwenye ukuta wa ufukweni tukila kamba wa kukaangwa, meli ikapita mbele yetu. Pale tezini niliona pameandikwa Nassau, mji wa Bahamas. Binti yangu akauliza kwa nini Nassau, wakati inatoka Galveston. Nikamweleza kwamba meli ina bandari ya usajili na bandari ya nyumbani, na mara nyingi hazihusiani hata kidogo. Ndio mazungumzo pekee ya kibandari niliyoyafurahia siku ile.

Tarehe 20 Novemba mlijibu barua pepe ya binti yangu. Mlisema “abiria hakuwasilisha hati kamili za afya”, kwa hiyo hakuna marejesho, ila kwa wema wenu mnatupa punguzo la asilimia 20 kwa safari nyingine ndani ya mwaka mmoja, kutoka bandari yoyote ya nyumbani tutakayochagua. Mbaazi akikosa maua husingizia jua. Hati niliiwasilisha. Mtumishi wenu aliishika mkononi. Na hiyo bandari yoyote niichague ipi, hali nauli ya ndege tu kutoka hapa ni zaidi ya nauli yenu ya meli?

Ninachotaka ni nauli yote ya watu wawili, shilingi 312,000, pamoja na usiku mmoja wa hoteli ya Galveston, maana hatukuwa na nguvu ya kurudi Houston usiku ule. Risiti nimeambatisha. Punguzo lenu mbaki nalo.

La pili ni la muhimu kwangu kuliko fedha. Kwenye kumbukumbu zenu nimeandikwa nimezuiwa kwa sababu za afya. Nataka maneno hayo yafutwe, na niandikiwe barua yenye muhuri inayosema kosa lilikuwa lenu. Nina wajukuu Marekani, nitaomba viza tena, na sitaki siku moja afisa asome mahali kwamba bibi huyu aliwahi kurudishwa bandarini kama mwenye maradhi.

Na ile karatasi ya plastiki iondolewe pale mezani Galveston. Jumapili zote tangu ile, meli imekuwa ikipakia watu mezani palepale, na Wakenya, Waganda na Wanigeria wanaoishi Texas hawajakoma kuwaleta mama zao kutembea.

Sikuzungumzia wakili, na sitaki kuanza na wakili. Ofisi yenu ya Mombasa hufunguliwa saa tatu asubuhi. Nitakuwa pale Jumatatu, tarehe 5 Januari 2026, nimekuja na kadi yangu. Wekeni kiti, magoti yangu hayapendi kusubiri nikiwa nimesimama.

Wenu,

Karani mstaafu wa bandari, Mombasa
(Jina, nakala ya kadi ya chanjo, tiketi, risiti na barua pepe ya wakala wenu vimo ndani ya bahasha hii.)